Aliyefunga Asifungue

Ukitaka kujua kanisa linaamini nini, usisome ubao ulio nje. Ngoja ibada iishe, uingie, uligeuze benchi lao miguu juu. Palipovunjika ndipo imani yao ilipo. Mimi nimegeuza mabenchi maisha yangu yote, kwanza Thika, halafu hapa Ruiru, na sijaona benchi hata moja likidanganya. Kuhusu wahubiri sina la kusema.

Vijana wangu wa Mugutha na Kiuu, mlinitumia ujumbe mkisema, "Guka, babu yetu, tuandikie kitu kidogo kuhusu umoja wa Wakristo, ukurasa mmoja hivi, wa kutia moyo." Kabla sijapata miwani yangu nikasikia ile siku yenu ya maombi ya pamoja imevunjika. Wengine walitaka iwe Jumamosi, wengine Jumapili, na mmoja wenu akaandika kwenye grupu kwamba wenzake wote wanaelekea motoni, halafu akaweka picha ya maua. Kwa hivyo nimeandika zaidi ya ukurasa mmoja. Habari ya kutia moyo tutaona tukifika mwisho.

Mimi si mhubiri. Ni fundi wa mabenchi ya kanisa, mstaafu, Mkatoliki, na goti langu la kulia ni bovu. Hilo goti mliweke akilini, maana tutalihitaji.

Benchi la Wakatoliki huanza kufa kwenye ubao wa kupigia magoti. Wala si magoti yanayouua. Ni watoto wanaosimama juu yake ili wamwone padri, na akina baba wanaoukanyaga na viatu wakati wa matangazo. Uweke bawaba nzito, na chini yake ubandike kipande cha mpira wa tairi, kwa sababu kanisa zima likiuangusha kwa pamoja padri husahau alikuwa amefika wapi. Wapentekoste nao huvunja miguu ya benchi. Hilo halihitaji maelezo. Watengenezee kwa bolti, usitumie misumari, na usiamini ukiambiwa kwamba wao ni kanisa tulivu. Mchungaji mmoja wa Kiuu aliniambia hivyo akiniangalia machoni, na mabenchi yake yalirudi kwangu kabla harufu ya vanishi haijaisha. Siku hizi wananunua viti vya plastiki, na mimi niko nyumbani nawaandikia nyinyi.

Akorino, wale waumini wa vilemba, huvua viatu kabla ya kuingia kanisani. Fundi mzembe husahau kwamba watu wasio na viatu wana vidole. Piga msasa mpaka chini kabisa, pale ambapo hakuna jicho linalofika, kwa sababu kibanzi kimoja kikiingia kwenye kidole cha mzee mwenye kilemba cheupe, utasikia unabii unaokuhusu wewe binafsi. Tena wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao, na mabenchi ya pande zote yanapaswa kulingana. Mzee wao mmoja alikuja karakanani na kamba yenye mafundo, akapima ya wanaume, akapima ya wanawake, kisha akayapima tena ya wanaume kuona kama yalikuwa yamekua.

Wasabato, wao hukaa. Wanaingia asubuhi na kutoka jua likiwa limeinama. Egemeo lao lilale nyuma kidogo kuliko la watu wengine, na mbele uweke rafu ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Iwe rafu yenye nguvu, maana sijaona Msabato mwenye Biblia ndogo. Haya ya Wasabato nilifundishwa na Njuguna, ambaye ni mmoja wao, na habari zake ndizo nilikaa chini kuandika. Hayo mengine niliyaweka ili msije mkasema sikuwafundisha kazi.

Mimi na Njuguna tulikutana tukiwa vijana, kwa fundi mmoja wa Thika aliyeitwa Mzee Gathogo. Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya mbao, na mvua ikinyesha tulikanyaga matope ya unga wa msumeno. Mzee Gathogo alitengenezea makanisa yote mabenchi na hakuwa mshiriki wa lolote. Alisema ataokoka siku atakayopata ibada inayoisha kabla mgongo wake haujaanza kuuma. Alikuwa mtu mzuri, mkali kama patasi, na kila ninachojua kuhusu mbao kilitoka kwake kikiwa kimefungwa ndani ya matusi.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba mbao lazima ilale kwanza pale itakapoishi. Sisi tuliipuuza mara moja tu. Tulipewa oda ya kanisa la Ngoliba, kule chini kunakokauka, na tukaipeleka na mbao za saiprasi zilizokuwa bado na maji ya kule juu zilikokatwa. Siku ya kuzindua, mabenchi yalikuwa yamenyooka na watu wakatupigia makofi. Jua la Ngoliba likafanya kazi yake. Tulipoitwa tena, kila benchi lilikuwa limejipinda, na waumini wote wa upande wa kushoto walikuwa wanateleza polepole kuelekea katikati wakati wa mahubiri. Katekista alituambia kwa heshima kwamba kanisa lake sasa lina umoja mkubwa, lakini si wa kujitakia. Tuliyatengeneza upya yote, na mbao tuliziacha zilale ndani ya kanisa lile mpaka zikazoea.

Sheria ya pili ndiyo niliyoiweka juu ya maandishi haya. Mnajua klampu, kile chuma kirefu chenye skrubu kinachobana mbao mbili zilizopakwa gundi mpaka zishikane. Mzee Gathogo alisema aliyefunga klampu asiifungue yeye. Afungue mwenzake. Mtu aliyefunga ana haraka, na kazi yake anaipenda, kwa hivyo hataona kasoro. Mwenzake haipendi, kwa hivyo ataona. Anayefungua ni lazima atafute kasoro kwenye kiungo, na akiipata aiseme, na aliyefunga asinune. Mzee alituadhibu kwa kununa zaidi ya alivyotuadhibu kwa kuharibu mbao.

Goti langu pia liliharibikia kwake. Tulikuwa tukishusha ubao wa mvule kutoka kwa lori, nikateleza, ukaniangukia. Njuguna alinibeba mgongoni mpaka hospitali, akipita katikati ya soko la Thika, na njiani akanieleza kwa nini siku ya saba ndiyo ya kupumzika. Sikuwa na mahali pa kukimbilia.

Baadaye tulifungua karakana yetu hapa Ruiru. Watu walituambia haitafika Krismasi, Msabato na Mkatoliki chini ya mabati mamoja. Kumbe tofauti ile ndiyo iliyotulisha. Njuguna hafanyi kazi Jumamosi na mimi sifanyi kazi Jumapili, kwa hivyo karakana yetu ilikuwa wazi kila siku ambayo Mungu ameumba. Ijumaa alasiri Njuguna alipaka gundi, akafunga klampu, akaenda nyumbani kabla jua halijatua. Jumamosi mimi nilifungua zake, nikafunga zangu. Jumapili yeye alifungua zangu wakati mimi niko misani. Na Jumatatu nilifika wa kwanza, nikafungua alizofunga Jumapili. Hakuna benchi lililotoka kwetu ambalo halikupita kwenye Sabato yake na Jumapili yangu.

Mpango huo ulitupa pia aibu moja ambayo sidhani mafundi wengine wamewahi kuipata. Tulikuwa na oda mbili pamoja, moja ya Wakatoliki na moja ya Wasabato. Njuguna alianza Alhamisi, mimi nikaendelea Jumamosi nikidhani rundo la kushoto ni la Wakatoliki, naye Jumapili akaendelea kutoka pale nilipoachia, akidhani najua ninachofanya. Tukawapelekea Wasabato mabenchi yenye ubao wa kupigia magoti, na Wakatoliki wakapata rafu za Biblia. Mzee wa kanisa la Wasabato alilizunguka benchi, akauinua ule ubao, akaushusha, akasema kwamba wao hupiga magoti sakafuni, kisha akamuuliza Njuguna hiki ni nini. Njuguna hasemi uongo. Naye aliuinua ubao, akaushusha, akajibu kwamba ni mahali ambapo mtu anaweza kuweka miguu. Hilo lilikuwa kweli. Waliyakubali, wakaweka miguu, na mpaka leo hawajataka tuwabadilishie. Kwa Wakatoliki, akina mama walijaza zile rafu nepi na chupa za maziwa, wakauliza kwa nini hatukufikiria jambo hilo mapema.

Sasa niwaambie juu ya Wangui, mke wangu. Watu walimwita Mama Njeri, kwa jina la binti yetu. Kila asubuhi ya kazi alifika karakanani na chupa mbili. Moja ilikuwa ya chai yangu. Nyingine ilikuwa ya uji, kwa sababu Njuguna hanywi majani ya chai, ni mambo ya imani yake. Wangui alikuwa Mkatoliki kuliko mimi, na hakuwahi kumwambia Njuguna kwamba chai haina dhambi. Aliamka mapema kidogo, akakoroga uji, basi.

Alitukuta mara nyingi tukibishana. Bishano letu kubwa lilikuwa juu ya wafu. Njuguna anaamini waliokufa wamelala, hawajui lolote, wanangoja siku ya ufufuo, na kuwaombea ni kazi bure. Mimi naamini wanahitaji maombi yetu, na kwamba upendo haukatiki kwenye kaburi. Tulibishana tukipiga randa, na mkono ulienda kasi kulingana na hoja. Wangui alituwekea chupa juu ya meza ya kazi na kusema, "Mtajua mkifika. Kunyweni kabla haijapoa."

Halafu akaugua, na ugonjwa haukuchelewa. Yeye ndiye aliyefika kwanza.

Mnajua desturi yetu. Kabla ya mazishi, kila jioni majirani hukusanyika nyumbani kwa maombi, wa makanisa yote, na kila jioni anatafutwa mtu wa kuongoza. Siku ya mwisho nilisimama mbele ya watu wote nikasema, leo Njuguna atuongoze kumwombea Mama Njeri. Sikumwuliza kwanza. Niliona hakuna haja, ni ndugu yangu.

Njuguna alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akaomba. Aliniombea mimi. Alimwombea Njeri na wajukuu. Akawaombea majirani, wapishi, watu waliotuletea hema, na dereva ambaye angebeba jeneza. Akasema amina, akaketi. Wangui hakumtaja. Mama mmoja akaanzisha wimbo haraka ili uzibe pale palipobaki wazi.

Nilimfuata hadi kwenye tangi la maji, nyuma ya nyumba.

"Umeombea hata watu wa hema," nikamwambia. "Wangui umemwacha."

"Mbugua, Mama Njeri amelala. Hakuna kitu naweza kumuongezea."

"Sijakuuliza ako wapi. Nimekuambia umuombee."

"Nikisema maneno siamini, nitakuwa naongea na wewe, si Mungu," akasema. "Na Mungu atakuwa hapo akisikia."

"Basi usiongee na mimi pia," nikamwambia, nikamwacha hapo.

Siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele. Alishika koleo mpaka kaburi likajaa. Niliona hayo yote na hayakunisaidia. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu aliyefiwa ni kitu kibaya kwa sababu hakuna anayethubutu kuikemea. Nilijiambia kwamba Njuguna amekunywa uji wa mke wangu miaka yote ile, na alipoombwa sentensi moja akashindwa.

Nilirudi kazini kwa kuwa nyumbani kulikuwa kimya zaidi. Tukawa tunaongea vipimo tu. Futi sita. Inchi moja na nusu. Leta ule mwingine. Klampu tuliendelea kufunguliana, kwa sababu sheria ilikuwa ya Mzee Gathogo na sisi hatukuwa na mamlaka ya kuivunja. Nikiona kasoro kwenye kiungo chake nilisema "kasoro", naye alisema "sawa", na siku ilikuwa imeisha. Ilipofika saa ya chai, kila mmoja alienda upande wake. Chupa ya pili haikuja tena, na sikuwahi kujiuliza Njuguna alikuwa anakunywa nini.

Nyumbani niliweka picha ya Wangui juu ya kiti, na kila asubuhi nikapiga magoti mbele yake sakafuni, kwenye simiti, nikamwombea. Goti likavimba. Daktari aliniambia nisipige magoti tena, niombe nikiwa nimekaa, kwamba Mungu anaelewa. Mungu anaelewa, hilo sikatai. Lakini nilipojaribu kuomba nikiwa nimekaa, nilijiona kama mtu anayesubiri gari. Wangui alipiga magoti kuniombea kila wakati nilipougua, na nilishindwa kumwombea nikiwa nimeegemea mto. Hata kanisani sikupata afueni, maana ubao wa pale haukuinama linavyotaka goti langu, na sikuwa na wa kumlaumu, nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe. Nikarudi kwenye simiti. Asubuhi nyingine nilishindwa kuinuka, nikajikokota mpaka kitandani ili nijishikilie. Nilianza kufikiri kwamba nitaacha kumwombea, na wazo hilo liliniumiza kuliko goti. Sikumwambia mtu yeyote, hata Njeri.

Jumatatu moja nilifika karakanani, nikafungua mlango, nikakuta klampu zote za Njuguna zimefungwa kwenye kitu kimoja kidogo cha mbao ya mukima, hii miti inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Kilikuwa kimebanwa kila upande. Nilidhani ni oda ya Jumapili. Nikaanza kufungua, kama sheria inavyotaka, moja baada ya nyingine, mpaka kikabaki chenyewe.

Kilikuwa benchi la kupigia magoti, la mtu mmoja. Upande wa kushoto ubao wake ulikuwa chini, mahali pa kawaida. Upande wa kulia uliinuliwa na kuinamishwa mbele kidogo, na juu yake imeshonewa ngozi nene yenye sponji. Pembeni palikuwa na mikono miwili imara ya kushikilia mtu anapoinuka. Ruiru hii ina watu wengi, lakini mwenye goti la kulia la namna ile ni mmoja. Na hakuna aliyelipima. Njuguna alikuwa ameliangalia likitembea mbele yake tangu Thika.

Nilitafuta kasoro. Ninyi mjue kwamba niliitafuta kwa bidii, nilitaka kuipata. Nilipitisha kucha kwenye kila kiungo. Kila ulimi wa mbao ulikuwa umeingia kwenye tundu lake na kukaa. Jambo moja tu ndilo lililokosekana. Benchi kama hilo kwetu huwa na rafu mbele, ya mshumaa na picha. Yeye hakuweka. Mbele palikuwa wazi.

Njuguna alifika akiwa amebeba mfuko wake, akautundika kwenye msumari.

"Ni oda ya nani?" nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwambia kitu kisicho kipimo wala kasoro.

"Ya mzee mmoja kichwa ngumu. Anapiga magoti kwa simiti."

"Nani alikuambia?"

"Suruali," akasema. "Angalia magoti ya suruali yako, Mbugua. Yamekuwa meupe."

Nikaangalia. Yalikuwa meupe kweli.

Akachukua patasi, akakaa, akaanza kuinoa. "Mimi sijabadilisha mawazo," akasema. "Mama Njeri amelala, na Mungu hawezi kumsahau hata wewe ukinyamaza. Hivyo ndivyo naamini, na siwezi kukudanganya. Lakini wewe utaomba. Nakujua. Sasa kama utaomba, omba vizuri, usiharibu hilo goti. Nililibeba kutoka lori mpaka hospitali, halikuwa jepesi."

Nililia hapo hapo, nimeshika klampu. Njuguna hakuniangalia. Aliendelea kunoa ile patasi, ambayo ilikuwa imenolewa tayari, mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama nimepata kasoro. Nikasema hapana. Akasema sawa.

Siku iliyofuata nilikuja na chupa mbili. Wangui hakuniachia maagizo ya uji, nami nilifikiri ni jambo la maji na unga. Njuguna alimimina, akaangalia ndani ya kikombe kwa muda, akanywa mabonge yale yote mpaka chini. Aliniambia kwamba ukikoroga kwanza unga na maji baridi pembeni, hayatokei. Nilianza kukoroga pembeni, na kuamka mapema kidogo.

Jambo lingine nililofanya ni dogo. Kanisa la Njuguna liko ng'ambo ya ua wa karakana yetu, na Jumamosi nilikuwa na desturi ya kuwasha randa ya umeme kuanzia asubuhi, nikisema ile ni saa ya kazi na kila mtu ana dini yake. Tangu wiki ile, Jumamosi nikapiga msasa kwa mkono. Msasa hausikiki kanisani. Kazi ilichelewa kidogo na wateja wakanung'unika, nami nikawaambia ni utaratibu wa karakana. Njuguna hakuwahi kulitaja jambo hilo, lakini Jumamosi moja, walipokuwa wakiimba, nilijikuta nimeusimamisha hata ule msasa. Wanaimba vizuri, lazima niseme.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie kwamba mwishowe tulikubaliana. Hatujakubaliana. Karakana tumeifunga, sisi sote ni wazee, naye bado anaamini wafu wamelala, na mimi bado nawaombea. Mmoja wetu atashangaa siku moja, au wote wawili. Njuguna hajamwombea Wangui mpaka leo, na nimeacha kumwomba amwombee. Nilikuwa nikimtaka anipe kitu ambacho hakuwa nacho, wakati alichokuwa nacho kilikuwa kimejaa mikononi mwake. Nyinyi mnagombania Jumamosi na Jumapili kana kwamba lazima mmoja ashinde kabla hamjanunuliana chai. Nunueni chai. Asiyekunywa chai apikiwe uji.

Lile benchi ninalo chumbani. Ile rafu niliitengeneza mwenyewe, ubao mdogo tu, nikaifunga mbele kwa skrubu, nikaweka mshumaa na picha ya Wangui. Mkono wangu siku hizi unatetemeka na macho si yale. Jumapili moja baada ya misa, Njuguna alikuja kunitembelea, akapita chumbani kuona kama ngozi ya benchi inahitaji kubadilishwa. Akasimama mbele ya rafu.

"Hii niliiacha makusudi," akasema.

"Najua."

Aliiangalia kutoka pembe moja hadi nyingine. Nilimwona akipigana na kitu moyoni, na hayo hayakuwa mambo ya kusaidiwa.

"Imepinda," akasema mwishowe.

Nikamwambia inatosha, ni ya mshumaa tu. Akaniomba bisibisi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeifunga, aliifungua yeye. Aliniambia nishike upande wa pili, akainyoosha, akakaza skrubu moja moja. Kisha akachukua picha ya Wangui, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti lake, akairudisha katikati ya rafu, akarudi nyuma hatua chache kuangalia kama imelingana. Ilikuwa imelingana. Akaniuliza kama kuna uji.